Vema za Siku Ambazo Hazijafika

Maneno yalianzia bombani, na kufikia mapumziko yalikuwa yameenea shule nzima: mfagizi kamwagia maji kompyuta ya ofisini, nakala za alama za wanafunzi zimeharibika, na leo hii hii anafukuzwa.

Chiriku, msichana wa darasa la sita aliyepewa jina hilo kwa kupenda kuongea, aliyasikia akanyamaza.

"We Chiriku, leo umemeza kufuli?" wenzake walimtania.

Yeye ndiye aliyepewa daftari la nakala. Kila asubuhi alitakiwa kutazama kompyuta ile, inayotumia mfumo wa Linux, aone kama imemaliza kubana mafaili ya alama yachukue nafasi ndogo na kuyawekea akiba, ndipo atie alama ya vema.

Mchana shangazi yake, fundi wa kompyuta, aliitwa ofisini, na Chiriku akamfuata. Mfagizi alisimama mlangoni, ufagio mkononi.

"Mwanangu, mimi hata meza sijaigusa."

Shangazi alisoma kumbukumbu ambayo kompyuta hujiandikia yenyewe. "Maji yanahusikaje hapa? Diski imejaa! Kubana mafaili kunataka nafasi. Ikikosekana, kazi inakatika njiani." Akapekua. Folda moja ya katuni ilikuwa imekula karibu diski nzima. "Na imeshindwa tangu Jumatatu. Daftari linasemaje?"

Akalifunua. Siku ile ilikuwa Jumatano. Alhamisi na Ijumaa nazo zilikuwa na vema.

Chiriku alijitokeza mbele. "Katuni ni zangu, shangazi. Na vema... nilizitia zote Jumatatu, niwahi kucheza."

Shangazi hakupaza sauti. "Usiniambie mimi. Mwambie aliyebeba mzigo wako tangu asubuhi."

Chiriku alimgeukia mfagizi. "Nisamehe, mama. Nilisikia wanakusema, nikakaa kimya."

"Ulisikia?" mfagizi aliuliza. Basi. Neno hilo moja lilimchoma Chiriku kuliko fimbo.

Alikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu, akasema yote huku analia. Mfagizi akabaki kazini. Shangazi alifuta katuni, akaianzisha kazi upya, na ilipokwisha akaifungua nakala kuhakikisha inasomeka. Kisha akamsomea Chiriku maneno ya kuandika kwenye jalada la daftari:

Usiweke vitu vyako kwenye diski ya nakala.
Usitie vema kwa jambo ambalo hujaliona.
Ukiona ujumbe wa kosa, usiupite bila kuuliza.
Usimwache mtu alaumiwe kwa kosa lako, hata kwa asubuhi moja.