Dakika za Nasipwondi

Jumamosi moja mwaka 1971, soko la Jubilee limejaa mpaka njia hazipitiki, Nasipwondi alikuwa akijaribu raba nyeupe, amesimama kwa mguu mmoja, gauni lake la maua ya njano likimpendeza. Alijishikiza begani mwa mtu aliyemdhania mwenye duka. Kumbe ni mnunuzi mwenzake, Joram. Alitulia mpaka dada wa watu akamaliza kufunga kamba.

"Hizo zitakubana ukikimbia," Joram alimwambia.

"Nani amekwambia mimi nakimbia?"

"Basi njoo ukimbie."

Joram, mzaliwa wa Usenge, alikuwa fundi wa reli. Katika chama chao cha wakimbiaji, yeye ndiye aliyepanga dakika. Kila Jumamosi jioni walikimbia mpaka Dunga, ufukoni mwa ziwa, na kurudi mjini. Wazito waliondoka kwanza, wepesi wakangojea dakika zao, ili wote wafike wakikaribiana. Nasipwondi alipewa dakika kumi na mbili za kutangulia.

Nasipwondi alitoka Bungoma, na kazi yake ilikuwa kuunganisha simu mjini. Joram akazoea kumpigia saa ya chai.

"Nambari gani, Bwana?"

"Yako, mpenzi."

Alicheka chini chini, akakata.

Kufikia mwezi wake wa tatu chamani, miguu ya Nasipwondi ilikuwa imekuwa myepesi. Ilipasa dakika zake zipunguzwe, lakini Joram hakuzigusa. Alipenda kumwona akifika wa kwanza, uso unang'aa. Nasipwondi alishinda mara nne. Mara ya nne, Walter, mwenyekiti wa chama, akamtania Joram kwamba ng'ombe wa mahari hupelekwa kwa baba wa msichana, hawalipwi kwa dakika. Watu wakacheka. Nasipwondi akaichukua orodha ya dakika, akaisoma, akaelewa.

"Ulidhani siwezi kushinda bila huruma yako?"

"Nilitaka ufurahi."

"Nimefurahia kitu ambacho si changu, Joram."

Jumamosi mbili hakuonekana. Joram akipiga simu, alimuunganisha na stoo ya reli. Jumamosi ya tatu Joram alisimama mbele ya wanachama wote, akakiri kosa lake, akamkabidhi Walter orodha. Milka, aliyekimbia nao na kufanya kazi pamoja na Nasipwondi, alimpelekea habari hizo.

Wiki iliyofuata Nasipwondi alirudi. Walter alimpa dakika tano tu. Joram aliondoka mwisho kabisa. Katika mwinuko wa kutoka Dunga, harufu ya dagaa wa omena walioanikwa ikiwafuata, akamfikia, na bila kutaka akapunguza mwendo.

"Ukinihurumia tena tumemalizana," alisema Nasipwondi, macho mbele. "Pita."

Joram alipita. Moyo ulimuuma, lakini hakugeuka.

Alimaliza wa tatu. Nasipwondi alifika wa saba, ila saa ya Walter ilionyesha kwamba hajawahi kukimbia upesi namna ile. Alikuja akaketi kwenye nyasi karibu na Joram, jasho likimtiririka. Joram alimwambia, polepole, kwamba angependa kwenda Bungoma na wazee wake kumposa.

"Baba atakuuliza maswali mengi, wewe Mjaluo," alisema Nasipwondi. "Usimjibu kwa kumpendeza. Mwambie ukweli."

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Akazifungua kamba za raba, akanyoosha miguu.

"Mimi nilikubali pale uliponipita."