Kibati cha Nyamweya

Siku ya soko Keumbu, hata mbuzi hulazimika kuomba njia. Jumatatu moja ya Agosti 1971, katikati ya mikungu ya ndizi na matenga ya kuku, alipita msichana juu ya baiskeli ya kiume. Sketi yake ya samawati yenye marinda aliikunja vizuri ikamfika chini ya goti, blauzi yake ilikuwa nyeupe, na nywele alizichana zikasimama duara kama walivyofanya wasichana wa Nairobi mwaka huo. Wauza nyanya waliacha kupanga mafungu yao wakamtazama. Msichana mwenyewe hakuwa na nafasi ya kuwatazama, maana cheni ilikuwa ikilalamika tangu Nyamira. Mbele ya duka la Osman ikatoka kabisa, naye akatua kwa miguu yote miwili hatua moja tu kutoka kwenye karai la fundi wa baiskeli.

Fundi huyo aliitwa Jethro Ratemo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, na siku hiyo alivaa suruali ya bugaluu ya kahawia aliyoifunga miguuni kwa vipande vya tyubu isije ikaliwa na cheni. Aliinama, akachunguza, akatikisa kichwa.

"Dada, hii cheni ni rika la mama yangu."

"Basi iheshimu," msichana akamjibu. "Iamkie kwanza ndipo uishike."

Jethro alicheka hadi spana ikamponyoka. Alichukua saa nzima kurekebisha kitu cha dakika kumi, na katika saa hiyo akajua yote aliyotaka kujua. Jina lake ni Drusilla, mwalimu wa darasa la sita kule Ikonge. Alitaka kuwafundisha watoto habari za vita vya Waingereza na Wajerumani vilivyopita kwao, lakini hakutaka kufundisha kitu ambacho macho yake hayajakiona. Ndiyo maana aliazima baiskeli ya mwalimu mwenzake, azunguke polepole, asimame anapopenda.

Jethro hakuwahi kujali vita vyovyote, ila dakika hiyo alianza kuvijali sana. Akamwambia sehemu zote za vita anazijua kama kiganja chake. Mapenzi, ndugu msomaji, huanza na uongo mdogo wa namna hiyo.

Jioni alimkimbilia babu yake, Mzee Nyamweya, aliyemlea. Huyo mzee alisifika Keumbu nzima. Jina lake lilikuwamo katika orodha ya wapagazi waliobeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, na kanisani Wasabato walimwachia kiti cha mbele kwa sababu hiyo. Mzee alimwelekeza mjukuu wake vizuri: kilima kilicho juu ya Kisii mjini, ambako alishuhudia mapigano ya mwaka wa kumi na nne akiwa kijana, jiwe lenye alama za risasi, na handaki lililomezwa na magugu. Jethro alipouliza kuhusu kivuko cha mto chini ya Birongo, mzee akakaza uso.

"Huko hakuna kitu."

Jethro hakushangaa. Alijua tangu utotoni kwamba babu akienda Birongo huzunguka na njia ya mlimani, mwendo mrefu maradufu, wala hasemi kwa nini.

Jumapili zote za likizo zikawa zao. Jumamosi Jethro alikuwa na Sabato yake, na Jumapili asubuhi Drusilla alikuwa na Misa yake, kwa hiyo walibaki na mchana mmoja tu kwa juma, na walijua kuutumia. Walipanda milima wakisukuma baiskeli bega kwa bega, wakateremka wakiachia breki kati ya chai na migomba, hewa ikinuka majani mabichi na moshi wa jikoni. Kwenye handaki walikula ndizi za kuchoma. Kwenye jiwe la risasi Drusilla alitia kidole katika kila tundu na kuandika daftarini, na Jethro akamtazama anavyouma kalamu, akajua amekwisha. Siku moja walicheka sana walipogundua kwamba babu zao ni wajina, wote Nyamweya.

"Afadhali," Drusilla alisema. "Mtoto wetu wa kwanza hatatuletea ugomvi wa jina."

Kisha akashika mdomo, maana hawakuwa wamezungumza habari za mtoto. Jethro akasimamisha baiskeli yake katikati ya njia akamuuliza kama anaweza kumtuma shangazi yake Nyangate kwao Ikonge. Drusilla akasema anaweza, tena asichelewe.

Shangazi Nyangate alikwenda Novemba kama esigani, yaani mshenga wa Kigusii, ambaye kazi yake ya kwanza si kusifu mtu. Kazi yake ni kuchimba ukoo. Kwa Wagusii, watu wa ukoo mmoja ni ndugu hata kama hawajawahi kuonana, na ndugu hawaoani. Hakuna padri wala pasta wa kulilegeza hilo. Jethro hakuwa na wasiwasi. Yeye ni Mnyaribari, na watu wa Ikonge ni Wagirango, ukoo mwingine.

Shangazi alirudi ametota mvua. Aliketi bila kuvua viatu. Alieleza kwamba baba yake Drusilla, Mzee Yohana, aliwaambia majirani miaka yote kuwa yeye ni Mgirango, kwa kuogopa kuitwa mgeni na kunyang'anywa kipande chake cha chai. Ila esigani alipouliza damu, Yohana, aliye katekista, alishindwa kusema uongo. Alilelewa na masista wa misheni. Baba yake alirudi vitani mgonjwa, akaoa Ikonge, na mafua makubwa ya mwaka wa kumi na nane yakamzoa yeye na mkewe, wakiacha mtoto mchanga. Kitu pekee kilichobaki ni kibati cha upagazi ambacho marehemu alikivaa shingoni. Kiliandikwa Nyamweya, Nyaribari.

"Ni dada yako, Jethro," Shangazi alisema. "Nyamweya wa Nyaribari ni wetu. Pole, mwanangu."

Siku mbili baadaye simu ililia dukani kwa Osman, simu pekee ya soko lote, na Osman akamwita fundi kwa mkono bila utani wake wa kawaida. Drusilla alipiga kutoka posta ya Nyamira.

"Umesikia?"

"Nimesikia. Drusi, labda kuna makosa."

"Makosa gani? Kibati nimekishika mkononi." Jethro akamsikia akiongeza sarafu. "Nitakuja Jumapili nimkabidhi babu yako. Ni kitu cha nyumba yenu. Cha nyumba yetu. Kwaheri, ndugu yangu."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Jethro vibaya. Siku nne hakushika spana.

Jumapili Drusilla alifika na gauni jeusi, nywele amezifunga kitambaa. Alipiga goti mbele ya Mzee Nyamweya, akamwita sokoro, yaani babu, akamwekea kibati kiganjani kwa mikono miwili. Mzee alikisoma. Akakigeuza, akakisoma tena. Shangazi alimimina uji wa wimbi. Wakanywa. Mzee alibaki na kibati mkononi. Hatimaye Drusilla aliaga, na Jethro akamsindikiza akisukuma baiskeli yake.

Waliteremkia kivuko cha Birongo, njia waliyoizoea Jumapili zile za likizo. Walisimama pale maji yanapopita juu ya mawe. Nyuma yao wakasikia mtu akihema. Mzee Nyamweya alikuwa anashuka bila fimbo, bila kofia, kibati amekifumbata. Alifika ukingoni akakaa chini kwenye tope na suruali yake ya kanisani.

"Hapa ndipo walipokusanya watu," akasema. "Askari walikuja na orodha, jina langu limo. Mimi nilikuwa kwenye mtama ule ng'ambo. Akapita kijana, mpita njia, anaimba. Nikatoka, nikamnyooshea kidole nikawaambia, Nyamweya ndiye huyo."

Jethro akamshika bega anyamaze, lakini mzee akaendelea.

"Wakamfunga kamba. Alilia, mimi ni Obwocha, mtu wa Machoge, niacheni. Hawakumsikiliza. Walimvisha jina langu, naye akalibeba hadi Tanganyika. Mimi nilijificha kwa wajomba mpaka vita vikaisha. Nikarudi, watu wakanipa kiti cha mbele, nikakikalia." Alimtazama Drusilla kwa mara ya kwanza. "Mjukuu wa Obwocha, wewe si mtu wetu. Damu yako ni ya Machoge, ukoo mwingine kabisa. Wewe ni wa watu niliowakosea."

Drusilla alikasirika. Alikasirika kweli, machozi yakamtoka, akamwambia mzee usoni kwamba alimwibia babu yake jina na maisha, na baba yake amekua yatima kwa sababu ya kidole kimoja. Mzee aliitikia kila neno. Kisha hasira ilipopumua kidogo, maana ya yale maneno mengine ikamfikia. Akageuka kumtazama Jethro. Jethro alikuwa ameketi ndani ya maji, bugaluu na yote, anacheka na kulia pamoja.

"Toka majini, mwanamume," Drusilla akamwambia. "Utaugua kabla hujanioa."

Alimwinua kwa mikono yote miwili na hakuiachia. Halafu akatoa hukumu yake: mzee ataongozana nao hadi Ikonge, leo hii, na atayasema mbele ya baba yake kama alivyoyasema hapa. Mzee akasema alijua itakuwa hivyo. Jethro akampandisha kwenye keria ya baiskeli ya Drusilla, wakamvusha mto, mmoja akisukuma, mwingine akimshika mgongo. Alivuka macho ameyafumba, mara ya kwanza katika miaka hamsini na minne.

Walifika Ikonge jua lingali juu ya chai. Mzee Yohana alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni. Mgeni alipomaliza, hakuuliza habari ya kamba wala ya orodha.

"Rudia jina lake," akasema.

"Obwocha."

"Rudia tena."

"Obwocha, mtu wa Machoge."

Yohana alilitamka mwenyewe, polepole, baba yake akimfikia yeye Yohana akiwa tayari na umri wa miaka hamsini na tatu. Akatazama mikono ya binti yake ndani ya mikono ya fundi aliyelowa. Kisha akageuka akamwita mkewe jikoni.

"Mama Drusilla, ongeza unga kwenye sufuria. Wakwe wamefika."