Multimita Ilipompima Orpa

Kila Jumamosi, akishafagia uwanja na kuosha vyombo, Orpa alikimbilia meza ya shangazi yake, mtengeneza redio wa Shituru, ambaye mtaa mzima ulimwita tantine Emérance. Mezani palikuwa na multimita, chombo cha kupimia umeme chenye nyaya mbili zilizoishia kwenye ncha za chuma. Orpa alipenda kugusisha ncha hizo kwenye vipande vya redio zilizokufa, ajue kizima kinasemaje na kibovu kinasemaje.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi ya haraka. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi kwa hasira kama kawaida yake, ukaunguza ampli, kikuza sauti cha kwaya ya watoto, na kesho yake walitakiwa kuimba. Ilihitajika rezista moja tu, kipande kidogo kama punje ya mchele kinachozuia umeme usipite ovyo. Rafiki yake Elikia, aliyeimba naye kwenye kwaya hiyo, alikitoa kwenye redio ya baba yake iliyovunjika, akakileta. Tantine alikuwa sokoni kutafuta risasi ya kulehemu.

Orpa hakungoja. Alikibana kipande kwenye zile ncha kwa vidole vya mikono yote miwili. Michirizi yake ya rangi, inayotaja nguvu ya kuzuia, ilisema om milioni moja. Multimita ikasema laki tatu.

"Kibovu," akasema.

"Pima tena," Elikia akamwambia.

Akapima vilevile, ikawa vilevile. Gauthier, mpiga gitaa wa kwaya, aliyekuwa hapo akisubiri ampli, akacheka. "Kile kizuri ameshakiuza. Si ni mutoto wa Kamatanda?"

Orpa angeweza kunyamaza. Hakunyamaza. "Njo vile bale bantu beko," akaongeza: ndivyo walivyo watu wale.

Baba yake Elikia huchimba madini kwa mikono yake katika mgodi wa Kamatanda. Katika mji wetu, mtu wa namna hiyo akiokota jiwe moja huitwa mwizi. Walioondoka na milima mizima tangu enzi za babu zetu huitwa mabwana. Hatujasahau. Elikia naye alilijua tusi hilo kabla hajajua kusoma. Hakulia.

"Minye sitaimba tena na weye," akasema, akaenda zake.

Tantine aliporudi na kusikia yaliyotokea, aliketi mezani.

"Nionyeshe namna ulipima."

Orpa akaonyesha. Tantine akakiondoa kipande. "Sasa shika ncha tupu, na vidole vilevile."

Namba zikachezacheza, zikatulia: laki nne.

Orpa akakodoa macho. "Lakini hakuna kitu hapa, tantine. Inapima nini?"

"Inapima weye. Ulipokibana na vidole, umeme ulipata njia mbili: moja mu kipande, ingine mu mwili yako. Njo maana namba ilishuka."

Wakakilaza kipande juu ya ubao mkavu. Safari hii Orpa alishika plastiki tu. Ikasoma milioni moja, pungufu kidogo sana.

Orpa akamgeukia shangazi yake. "Utamwambia Elikia?"

"Minye njo nilimutukana?"

Basi Orpa akamvuta Gauthier mkono mpaka nyumbani kwa Elikia, tantine akiwafuata na multimita. Elikia alikuwa anafua pamoja na mama yake.

"Kipande chako ni kizima," Orpa akasema. "Nilichanganya na mikono yangu. Na ile maneno ya Kamatanda haikutoka mu multimita, ilitoka mu kinywa yangu. Unisamehe. Na weye, mama."

"Na minye vilevile," Gauthier akanong'ona.

Elikia aliendelea kufua. Halafu akafuta mikono kwenye kitenge, akaitazama multimita.

"Leta. Minye niko na ngapi?"

Akashika ncha: laki saba. Gauthier, aliyelowa jasho, akapata laki moja na nusu.

"Gauthier njo kibovu," Elikia akasema, na mama yake akaangua kicheko. "Nitaimba. Lakini ampli, ataibeba yeye."

Jioni hiyo tantine alilehemu kipande, na ampli ikanguruma. Kabla Gauthier hajaitwika, tantine aliwasimamisha wote watatu.

"Chombo hakidanganyi, batoto, lakini kinapima na mukono unaokishika. Siku mutataka kusema muntu ni mubovu, mutoe kwanza mikono yenu, mupime tena. Na uliyemukosea mbele ya bantu, umusafishe mbele ya bantu."