Mayai Kumi na Mawili ya Arusi ya Arlin

Kila alfajiri, kabla hata ya kunywa kahawa, Pulo Dadivas aliwaogesha kuku wake. Alimshika mmoja mmoja, akampapasa kifua, akammwagia maji kwa kata, akampangusa kwa kitambaa. Kisha akamrudisha kwenye kigingi chake, kamba mguuni. Kwa majogoo wa kupigana hakuna ubaya, na Pulo alikuwa mtu wa majogoo kwa miaka thelathini. Kijiji chote pale Capiz, Ufilipino, kilimjua kwa kazi hiyo. Shida ni kwamba safari hii watano kati ya walioogeshwa walikuwa mitetea.

Mitetea hao aliwanunua sokoni kwa ajili ya arusi ya binti yake, Arlin. Kwao, watu wasiotaka mvua siku ya arusi hupeleka mayai kumi na mawili kwa masista wa Mtakatifu Klara mjini, nao masista huwaombea. Mayai ya dukani nayo hupokelewa. Masista hawana makuu.

Lakini Pulo alikuwa na deni la moyoni. Miaka ishirini na sita iliyopita, kwenye arusi yake mwenyewe, ni yeye aliyetumwa kupeleka mayai. Akapitia kwenye uwanja wa majogoo, akasahau. Siku ya arusi mvua ikawapokea mlangoni mwa kanisa na kuwasindikiza hadi mezani. Gauni la mkewe, Teresing, lililowa tope mpaka magotini. Nguruwe wa kuchoma alizimikiwa moto akiwa mbichi. Tangu hapo, kila mvua ikinyesha, Teresing humkumbusha.

Ndiyo maana Pulo alijipiga kifua mbele ya wakwe wa Arlin. Mayai ya Arlin, alisema, yatatoka uani kwangu, na nitayapeleka kwa mkono wangu.

Wiki tatu zikapita. Hakukuwa na hata yai moja la kuonja. Zilikuwa zimebaki wiki nne tu kabla ya arusi.

Pulo akafanya alilolijua. Aliwapunguzia mahindi ili wawe wepesi. Aliwafunika kwa magunia mpaka jua lipande, wakusanye nguvu, kama afanyavyo kwa jogoo anayekwenda kupigana. Mitetea, maskini, walikaa gizani na njaa yao, wakisikiliza majogoo wakiwika pembeni. Teresing hakugomba. Alitazama tu mawingu, halafu akamtazama mumewe, na hilo lilimuuma Pulo kuliko kugombezwa.

Asubuhi moja Teresing akamwita jirani yao Hilaria, mjane aliyekuwa akiwauzia mayai waoka mikate wote wa kijiji. Pulo alikasirika. Mtu wa kuku miaka thelathini, leo aje kufundishwa kuku!

Hilaria alianza kwa kukagua. Alizunguka ua wote. Aliangalia vigingi, kamba na magunia. Akachungulia nyuma ya kuni, maana kuku wengine hutaga mafichoni. Hakuona yai. Akamshika mtetea wa kahawia, akamgusa chini ya mkia.

"Kaka Pulo," alisema, "hawa unawaandaa wapigane na nani?"

Teresing alicheka mpaka akashika nguzo. Pulo hakucheka.

"Kuku ni kuku, dada Hilaria."

"Sio hivyo. Jogoo wako hana kazi ya kutaga. Huyu kila yai analitoa mwilini mwake. Ukimnyima chakula, atalitoa wapi?"

Akamweleza taratibu. Kuku akihamishwa hushtuka, na anaweza asitage wiki mbili tatu, kama bibi arusi mgeni asiyekula vizuri kwa wakwe. Akiachwa atulie, huzoea. Lakini hawa hawakuachwa. Kila alfajiri walikamatwa wakamwagiwa maji, kwa hiyo kila siku walikuwa wageni upya.

Kisha akamwonyesha wawili waliokuwa na upanga mdogo wa nyama kichwani, uliopauka.

"Hawa bado tembe. Hawajafika umri wa kutaga. Wangoje kama miezi miwili. Hawa watatu ni wazima. Gusa hapa, mifupa miwili chini ya mkia. Ya kuku anayetaga huachana, vidole viwili au vitatu vinaingia. Ingiza chako."

Pulo akagusa. Kidole kimoja tu, tena kwa shida. Miaka thelathini alikuwa ameshika kuku, na mahali hapo hakuwahi kupagusa. Aliona aibu, akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa nifanye nini?"

Kazi ilianza siku hiyo hiyo. Alifungua kamba. Alitengeneza banda dogo la uzio wa mianzi upande wa pili wa nyumba, mbali na majogoo na mbwa. Magunia yaliondoka, kwa sababu mtetea anahitaji mwanga wa siku nzima ili atage. Mahindi hayakuachwa, ila Hilaria alimwambia hayatoshi. Pulo akanunua chakula cha kuku wa mayai, na maji safi yakakaa bandani kutwa. Teresing alitwanga maganda ya chaza waliowala Jumapili, akayaweka kwenye chombo peke yake, maana ganda la yai hujengwa kwa chokaa. Masanduku mawili yakatiwa majani makavu ya mpunga, yakawekwa kwenye kona tulivu yenye kivuli.

"Na asubuhi nikiwashika kidogo tu?" Pulo aliuliza.

"Usiwashike. Ukiona mmoja amezubaa au hali chakula, hapo niite, au mwite bwana mifugo."

Hilo ndilo lililomshinda zaidi. Alfajiri mikono yake ilimwasha. Alikwenda akaogesha majogoo, akarudi, akasimama nje ya uzio mikono nyuma.

Siku ya kumi na tisa, yule wa kahawia aliingia sandukuni na kutoka akipiga kelele ua mzima. Yai lilikuwa dogo. Pulo alilipeleka jikoni kwa mikono miwili. Siku mbili baadaye wenzake wawili wakaanza.

Alhamisi, siku mbili kabla ya arusi, ndiyo siku ya kwenda kwa masista. Teresing alihesabu. Kumi na moja. Jirani wangetoa moja bila neno, lakini Pulo alikataa. Aliketi kwenye kigogo nje ya uzio. Yule wa kahawia aliingia sandukuni. Akatoka. Akaingia tena. Gari la kwenda mjini lilipiga honi barabarani, na Pulo akakalia mikono yake ili asije akamsumbua.

Gari likaondoka. Teresing alisimama mlangoni.

Kisha kelele ikasikika bandani. Pulo aliinua yai lenye joto bado, akampa mkewe alishike. Teresing alilifunika kwa viganja viwili na kukaa nalo muda.

"Nenda kwa miguu ukitaka," alisema. "Ila usipitie uwanja wa majogoo."

Pulo alitembea kilomita saba, kapu kifuani, na uwanja wa majogoo akaupita bila kugeuza shingo.

Jumamosi mawingu yalikuja, yakakaa, yakaondoka. Nguruwe aliiva. Jioni, sahani zikiwa zimeoshwa, matone machache yalianguka juu ya paa. Pulo alimtazama mkewe, akangoja kukumbushwa.

Teresing alimsogezea tu kahawa yake.