Vipimo vya Fundi

"Dada, hiyo usichukue. Betri yake imeshakufa."

Fundi cherehani aligeuka. Duka la kompyuta lilifurika watu, na nyuma yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la bluu lililopauka. Muuza duka alimkata jicho; kijana hakujali.

"Wewe nani, daktari wa betri?"

"Natengeneza programu za simu."

"Na shati hilo nani kakushonea? Mkono mmoja umemzidi mwenzake."

Kijana alijitazama, akacheka mpaka watu wakageuka. Walitoka pamoja, fundi akiwa amekumbatia kompyuta aliyochaguliwa na mtu asiyemjua.

Alikuwa na sababu ya kuitafuta. Bomba la maji lilipopasuka chumbani mwake, daftari lake la vipimo vya wateja lililowa chepechepe, na bibi harusi mmoja akashonewa kwa kukisia gauni lililogoma kupita mabegani. Fundi aliona aibu ya mwaka. Akaapa kwamba vipimo vyote vitakaa kwenye simu, ndani ya programu atakayoitengeneza kwa mikono yake. Shangazi yake, aliyeshona naye chumba kimoja, alidhani amerukwa na akili.

Kijana akawa anakuja kila Jumamosi kumfundisha.

"Hapa weka kitufe."

"Kifungo."

"Kitufe, mpenzi."

Neno lilimponyoka. Cherehani ya shangazi ikanyamaza ghafla.

"Endeleeni tu," shangazi alisema. "Mimi leo sina masikio."

Mapenzi yalinoga, kazi ikawa ngumu. Wiki nzima programu iligoma kufunguka kwa sababu ya mabano aliyosahau kuyafunga; alipoyaona, fundi alipiga vigelegele peke yake. Kisha akakwama pabaya zaidi: unaandika vipimo, unafunga programu, ukirudi hakuna kitu. Alihangaika na ukurasa huo wa kuhifadhi vipimo siku ishirini.

Jumamosi moja aliondoka mezani kumpima mteja. Aliporudi, ukurasa wake haukuwepo. Palikuwa na mwingine, safi, wa kuvutia.

"Nimekumalizia," kijana alisema huku akitabasamu.

"Nani kakutuma?"

"Nilitaka upumzike, mpenzi. Wako ulikuwa hauhifadhi..."

"Najua ulikuwa hauhifadhi! Kosa hilo ndilo nililokuwa nalitafuta! Mimi nikikukuta unajifunza kushona, nitafumua nguo yako nishone yangu?"

Kijana aliona anafukuzwa, akachukua mkoba wake. Fundi aliona amedharauliwa, akamwacha aende. Simu za kijana hakuzipokea, na baada ya siku kadhaa hazikuja tena. Chumba kikabaki na mlio wa cherehani tu.

Akafuta ukurasa wa kijana, akaanza upya. Alisoma, akakosea, akasoma tena. Mchana mmoja aliandika kiuno cha shangazi, akafunga programu, akaifungua. Namba ilikuwepo.

"Shangazi! Kiuno chako kipo!"

"Kikae hukohuko," shangazi alijibu. "Usimwonyeshe mtu."

Walicheka wote. Lakini furaha ile ilikuwa inamtafuta mtu mwingine, na fundi alijua. Akapiga simu.

"Imehifadhi," alisema, bila hata salamu.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Nilikuwa naiamuru ihifadhi kabla haijasoma namba."

"Kosa hilo mimi sikuliona," kijana alisema taratibu. "Nilifuta tu nikaandika yangu. Nilikunyang'anya kazi yako nikaiita msaada. Nisamehe."

Fundi alishusha pumzi. "Njoo Jumamosi. Lakini mikono mfukoni."

Alikuja kweli ameitia mfukoni, na fundi akashindwa kununa. Akamwekea programu kwenye simu yake.

"Wewe ndiye mteja wangu wa kwanza. Jaza oda."

Kijana alimgeuzia mgongo, akaandika kwa muda mrefu, kisha akampa simu. Fundi akasoma: *Nguo: suti. Shughuli: harusi yetu.* Mahali pa tarehe palikuwa patupu.

"Mbona hapa hujajaza?" aliuliza.

"Hapo siwezi kujaza peke yangu."

Cherehani ya shangazi ilikuwa imenyamaza zamani. Fundi alichukua futi yake ya kupimia, akamsogelea, akaizungusha mabegani mwake.

"Simama wima," alisema. "Weka tarehe ya miezi mitatu ijayo. Suti nzuri haitaki haraka, na mimi nina gauni langu la kushona."