Ubeti Nilioukata

Ndugu zangu wa milimani na wa ziwani, nawaomba masikio yenu kidogo. Nimekuja kukiri kosa, na zaidi ya hapo nimekuja kushukuru, maana walionisamehe hawakulazimika.

Mimi ni Emerensiana, mzaliwa wa Mapera. Natangaza kipindi cha ngoma za kwetu katika redio moja ndogo hapa Mbinga. Mwaka juzi niliteremka hadi kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Nyasa kuwarekodi akina mama wanaocheza kioda, ngoma ya wanawake wa huko. Ilikuwa asubuhi tulivu. Usipa, dagaa wa ziwa hilo, ulikuwa umeanikwa, ziwa limelala, na mama Benadetha, kiongozi wao, aliimba huku wenzake wakimwitikia. Walinilisha ugali wa muhogo mpaka nikaona haya.

Wimbo ulikuwa wa dakika sita. Redioni nilikuwa na dakika nne tu kabla ya matangazo ya vifo. Waliimba kwa Kinyasa, nami Mmatengo nilifuata kwa kubahatisha. Ubeti wa mwisho nikauona ni salamu tu. Sikumuuliza mtu. Nikaukata, nikautangaza wimbo kuwa ni wa mama Benadetha, kisha nikaenda zangu nyumbani nikijipongeza.

Kumbe, msomaji wangu, ubeti ule ndio uliobeba majina. Katika kikundi chao wimbo haufungwi bila kuwataja wenzao waliotangulia mbele za haki, ili nao wahesabiwe kuwa wamecheza. Wa kwanza kutajwa alikuwa Asteria, marehemu aliyeutunga wimbo wenyewe. Binti yake, Otilia, bado anacheza kikundini.

Basi kijiji kizima kikasikia Benadetha yumo, Asteria hayumo. Otilia hakuuliza. Alisema bombani, mbele za watu, "Amemfuta mama yangu ili apate sifa." Neno likasambaa. Zamu ya kupalilia shamba la Benadetha ilipofika, hakutokea hata mmoja. Alipougua malaria, hakuna mwanamke aliyemchotea maji. Mumewe, mzee Urbani, ndiye aliyepika na kufua. Benadetha akaacha kuimba, mwishowe akaacha hata kusema.

Mzee Urbani akanipigia simu.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba, mwanangu. Leo ni siku ya tisa mke wangu hajafungua mdomo. Mlimfanyaje huko redioni?"

Aliponieleza kisa chote, niliirudia rekodi yangu. Kesho yake, Jumapili, niliteremka tena ziwani nikiwa na wimbo wote. Baada ya ibada niliwaomba akina mama wasiondoke, Benadetha na mumewe wakiwapo, nikaupiga mwanzo hadi mwisho. Jina la Asteria liliposikika, Otilia alikaa chini, mchangani.

"Nani aliukata?" aliuliza.

"Ni mimi, mama. Mama Benadetha hakujua lolote. Sikuelewa, wala sikuuliza."

Nilistahili matusi, na nilikuwa tayari kuyapokea. Otilia hata hakunitazama. Alimwendea Benadetha, akapiga magoti.

"Dada, nilikuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe."

Benadetha akamshika mkono.

"Inuka," alisema. "Mama yako ndiye aliyenifundisha kuimba. Ningemfutaje?"

Mzee Urbani aliposikia sauti ya mkewe aligeuka upande, akajifuta uso kwa kofia. Benadetha akaniita na mimi. "Na wewe binti, umetoka mbali. Njoo ule kwanza." Nilikula huku nalia, na sioni aibu kuwaambia.

Wiki iliyofuata nilirusha dakika zote sita na kuomba radhi hewani. Matangazo ya vifo yalisubiri. Hakuna aliyepiga simu kulalamika.

Funzo

Ewe mwenye kinasa sauti, na wewe unayerekodi ngoma kwa simu yako: usikate usichokielewa. Kuuliza si ujinga, na dakika mbili unazookoa zinaweza kumtenga mtu na wenzake. Nanyi majirani, kabla hamjamsusia mwenzenu, nendeni mlangoni kwake mkamuulize. Mimi na Otilia tulikosa kosa lile lile: wote wawili tulikuwa na ulimi, tukaacha kuuliza. Asante mama Benadetha. Ungeweza kunifukuza, nami ningeondoka bila neno. Wewe ukanipa chakula.