Sista Wawili Kwenye Simu Moja

"Mwalimu, huu ujumbe ulikuwa wa nani?"

Mwalimu aliweka kijiko mezani. Miaka hamsini na tisa, mkuu wa shule mstaafu, mtu wa kuogopwa na darasa zima, leo aliinamisha uso mbele ya mke wa miaka ishirini na saba.

Mkosi wenyewe ulikuwa jina. Yeye na mkewe walijuana wodini alikolazwa, akimwita Sista kama wagonjwa wote wanavyowaita wauguzi, na hivyo hivyo akamwandika kwenye simu. Dada yake mkubwa naye alikuwa Sista tangu utotoni. Mchana ule, miwani ikiwa chumbani, Mwalimu alimrekodia dada yake ujumbe wa sauti, akabonyeza Sista asiyemkusudia.

Mkewe akaufungua ujumbe ule mara ya pili.

"Sista, acha kulialia. Daktari kasema miguu ina mwaka, ikizidi sana miwili, kisha ni kitandani. Ndiyo maana nikaoa muuguzi. Msichana wa kazi akichoka anaondoka. Mke ataondoka aende wapi? Na huyu bado mbichi, ana nguvu za kunigeuza."

"Kukugeuza!" mke alisema. "Kumbe siku zote ulikuwa unanipima mikono."

"Mke wangu, nisikilize..."

"Ulijua lini?"

Mwalimu akakishika tena kijiko.

"Nakuuliza, Mwalimu! Ulijua lini?"

"Kabla ya posa."

Loo! Binti huyu alimkataa fundi friji, kijana wa rika lake aliyempenda hadi akakonda, kwa maneno matatu tu: "Nataka mtu mzima." Mashoga zake wakamcheka eti anaolewa na babu. Mama yake akamnunia miezi. Yeye akashikilia kwamba vijana wanachezea watu, huyu kamchagua kwa moyo. Na kweli alimpenda, jamani. Akisikia hatua zake kwenye ngazi alikuwa anacheka peke yake jikoni.

"Niliogopa," Mwalimu alisema. "Ningekuambia, ungekubali?"

"Ningekubali."

Mwalimu akainua uso.

"Ningekuogesha, ningekulisha, ningekugeuza mpaka siku ya mwisho, tena kwa kukupenda. Kazini nawafanyia watu nisiowajua hata majina! Wewe ungekosa nini kwangu? Lakini hukuniomba. Ulinitega."

Akaingia chumbani, akatoka na begi moja na sare zake za kazi mkononi. Mwalimu alijaribu kuinuka, goti likagoma, akashika ukingo wa meza.

"Sasa mimi nitabaki na nani?"

Mke alisimama mlangoni, machozi yakimtiririka wala hakuyafuta. Samahani moja tu, Mungu shahidi, angelitupa begi lile chini. Akangoja. Mwalimu akabaki anamtazama, akisubiri jibu la swali lake.

"Hata sasa, Mwalimu," alisema, "unajiwazia wewe tu."

Akafungua mlango, akashuka ngazi akilia kwa sauti, majirani wakichungulia.